Ukali katika mashindano ya poka: umkabili nani, na wakati gani?

SWALI: Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikicheza mashindano madogo ya poka ya Texas Hold'em hapa Nairobi, ya wikendi. Nilizoea kusubiri karata nzuri, na mara nyingi nilifika karibu na zawadi nikiwa na chipu chache mno, kisha nikatolewa. Rafiki yangu akanishauri niwe mkali. Nimejaribu mara tatu, na mara zote nimetoka mapema. Mara ya mwisho nilitoka katika saa ya kwanza: nilisukuma chipu zangu zote nikiwa na tisa na nne, dhidi ya mchezaji aliyekuwa akinifuata mkono baada ya mkono, naye akanilipia kwa jozi ya tano. Je, ukali ni mbinu ya kweli au ni bahati ya watu fulani? Na nikifanikiwa kumtisha mtu akatupa karata, inafaa nimwonyeshe nilichokuwa nacho?

JIBU: Ndugu yangu, ukali ni mbinu ya kweli, na karibu wote wanaofika mbali katika mashindano makubwa mara kwa mara huutumia kwa namna moja au nyingine. Ila maelezo yako yananionyesha kuwa umehama kutoka kosa moja kwenda jingine lenye mzizi uleule. Uliposubiri, ulikuwa ukizitazama karata zako peke yake. Ulipogeuka kuwa mkali uliacha kuzitazama, lakini hukuanza kumtazama mtu mwingine yeyote. Dau la kutisha hupata nguvu yake kwa yule anayewekewa: ana chipu ngapi, anaogopa kupoteza nini, na kwa tabia yake ni mtu wa kutupa karata au ni mtu wa kufuata, yaani kulipa dau hilohilo ili abaki mchezoni. Asiyeogopa hatishiki, hata ukiweka dau kubwa namna gani.

Nianze na kusubiri, kwa sababu wengi hudhani kusubiri hakugharimu kitu. Chukua meza ya watu tisa ambapo dau dogo la lazima ni chipu 1,000, dau kubwa la lazima ni 2,000, na ante ya meza nzima, yaani mchango mwingine wa lazima wa kila mkono, ambayo siku hizi hulipwa na mwenye dau kubwa, ni 2,000; madau hayo hulipwa kwa zamu. Kila mzunguko wa mikono tisa unakutoa chipu 5,000 hata kama hukucheza mkono hata mmoja. Sasa tuseme unasubiri jozi ya kumi au kubwa zaidi, au ree na mfalme. Karata mbili za mwanzo, zile za siri za kila mchezaji, zinaweza kuja kwa namna 1,326, na kati ya hizo ni 46 tu zinazoingia katika kundi hilo, sawa na mkono mmoja katika kila mikono 29 hivi. Utakaa zaidi ya mizunguko mitatu na kulipa takribani chipu 16,000 ili uletewe mkono mmoja wa aina hiyo. Nao ukija, wenzako waliokuona ukitupa karata kwa saa nzima wanajua maana ya wewe kuamka: wanatupa zao, nawe unakusanya zile 5,000 za lazima zilizokuwa mezani. Mkono umeununua kwa 16,000 ukauuza kwa 5,000. Hicho ndicho kilichokuwa kikikufikisha karibu na zawadi ukiwa hoi, na usikiite mkosi.

Aliyejifunza karata barazani kwa arubastini amezoea kwamba karata sharti ishuke mezani ndipo ishinde. Katika poka mikono mingi huisha bila karata ya mtu yeyote kufunuliwa, na hapo ndipo anayeanzisha dau anapopata faida yake. Anayeweka dau au kulipandisha ana njia mbili za kulichukua fungu la mezani: wenzake watupe karata, au karata zake ziwe bora mwishoni. Anayefuata dau amebakiwa na njia moja tu, ya kuwa na karata bora. Kwa sababu hiyo, karata zinazotosha kupandishia dau mara nyingi hazitoshi kufuata dau la mwingine. Ree na tisa ambazo ungezipandishia dau bila kusita ukiwa katika kiti cha mgawaji (kiti cha zamu kilicho kabla ya wenye madau ya lazima, si mtu anayegawa karata), huku nyuma yako wamebaki watu wawili tu, unapaswa kuzitupa bila majonzi iwapo mchezaji mtulivu wa kiti cha kwanza ameshapandisha kabla yako. Nimewaona wengi wanaojihesabu kuwa wakali huku wakifuata madau ya wenzao kwa karata dhaifu. Hao wanatoa chipu zao kwa haraka zaidi ya wengine.

Sasa wakati. Wengi hutoka mashindanoni mapema kwa kuwa wakali pale ambapo hakuna cha kuchukua. Tuseme mnaanza na chipu 30,000 kila mmoja, na madau ya lazima ni 100 na 200 pamoja na ante ya 200. Fungu la kunyang'anya kabla ya karata za mezani (tano za wazi zinazotumiwa na wote: tatu, kisha ya nne, kisha ya tano) ni 500, chini ya asilimia 2 ya ulicho nacho. Saa kadhaa baadaye, ukiwa bado na chipu 30,000 zilezile lakini madau yamefika 1,000 na 2,000, fungu hilo ni 5,000, yaani sehemu moja ya sita ya chipu zako zote. Kitendo ni kilekile na hatari ya kukutana na mtu mwenye karata kali ni ileile, lakini malipo yamepanda mara kumi. Wewe ulisukuma chipu zako zote katika saa ya kwanza kwa ajili ya fungu ambalo, hata ungelipata, lisingebadilisha hali yako kwa chochote cha maana.

Saa ya kwanza itumie kujifunza watu. Cheza mikono yako mizuri kwa nguvu ya kawaida, ingia kwa gharama ndogo na jozi ndogo zinazoweza kuwa tatu za aina moja, na muda uliobaki tazama. Nani hufuata dau hadi karata ya tano akiwa na jozi ya chini? Nani hukunja uso anapopandishiwa, kisha akatupa? Tazama mikono hasa, maana uso hufundishwa kutulia mapema kuliko vidole. Katika meza za kiingilio kidogo utamwona mtu aliye kushoto kwako ameshainua karata zake mbili, amezishika kwa ncha za vidole tayari kuzirusha kwa mgawaji, ilhali zamu yake bado. Huyo amekwisha kukuambia kuwa hatacheza. Kama mwenye dau dogo na mwenye dau kubwa wote wameshika karata zao hivyo, nawe uko katika kiti cha mgawaji na hakuna aliyeingia kabla yako, karata ulizo nazo hazina uzito mkubwa tena.

Hapa ndipo lilipo kosa la mkono wako wa tisa na nne. Mtu aliyekufuata mkono baada ya mkono alikuwa amekueleza tabia yake waziwazi, na tabia hiyo ni ya kutotupa. Kumtishia mtu wa namna hiyo ni kumwongezea mtaji. Dawa yake ni kumngoja upate karata nzuri kweli kisha umwekee dau kubwa kuliko ambavyo ungemwekea mwingine, kwa kuwa atalipa. Ukali wako wa vitisho uelekeze kwa yule wa kiti kingine, anayetupa karata nzuri kiasi kila anapopandishiwa. Kumbe meza moja inaweza kukudai uwe mkali kwa mtu mmoja na mwangalifu kwa jirani yake, ndani ya mkono uleule.

Upandishe kiasi gani? Kwa madau ya 1,000 na 2,000, kupandisha hadi 4,400 kunatosha. Si lazima uweke 8,000 ili uonekane mkali. Unaweka 4,400 kuwania 5,000, kwa hiyo wenzako wakitupa zaidi kidogo ya asilimia 47 ya nyakati umeshapata faida hata kabla ya kuhesabu nyakati utakazoshinda baada ya kufuatwa. Lakini usidhani kila mara watatupa. Mwenye dau kubwa akikuta umepandisha hadi 4,400, anatakiwa kuongeza 2,400 tu ili kuwania fungu la 9,400, na hesabu hiyo humruhusu kufuata na karata nyingi. Lazima basi uwe na mpango wa kinachofuata.

Mpango huo unategemea ukweli mmoja: mtu mwenye karata mbili zisizo jozi hupata jozi au zaidi katika karata tatu za kwanza za mezani mara moja tu kati ya tatu. Zaidi ya nusu ya nyakati mwenzako naye amekosa. Ukiweka dau la theluthi moja ya fungu, unahitaji atupe robo moja tu ya nyakati ili dau lijilipe lenyewe. Hata hivyo, tazama karata zilizofunuka. Ree, saba na mbili za rangi tofauti zinamfaa aliyepandisha, kwa sababu yeye ndiye anayetarajiwa kuwa na ree. Tisa, nane na saba, mbili zikiwa za kopa, zinamfaa mwenye dau kubwa aliyefuata kwa karata za katikati, na hapo dau dogo la kutisha hurudishiwa kichwani mwako.

Chipu zikipungua hadi madau makubwa kumi au chini yake, habari ya kupandisha kidogo huisha. Ukiwa na 20,000 ukaweka 4,400 kisha ukatupa, umepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya uhai wako. Kwa kiasi hicho ni kusukuma zote au kutupa. Nikupe hesabu moja kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake mna somo lote la ukali. Uko katika kiti cha mgawaji, wote wa mbele wametupa, unasukuma 20,000 kwa karata za wastani. Tuseme wale wawili waliobaki ni watu wa kutupa, na wote wawili hutupa asilimia 65 ya nyakati: hapo unapata 5,000, ambayo kwa wastani ni 3,250. Asilimia 35 iliyobaki mwenye dau kubwa anakulipia, fungu linafika 43,000, nawe una nafasi ya asilimia 36 ya kushinda: wastani wako ni 15,480 kwa 20,000 ulizoweka, hasara ya 4,520, ambayo ikigawiwa kwa asilimia 35 ni 1,582. Umebaki na faida ya takribani chipu 1,670 kila unaposukuma, karibu dau kubwa zima, kwa karata ambazo ukifuatwa zinapoteza zaidi kuliko kushinda.

Sasa waondoe watu hao wawili, uweke mahali pao watu wanaofuata sana, wanaotupa kwa pamoja asilimia 30 tu ya nyakati. Kwa kuwa wanafuata kwa karata dhaifu zaidi, nakuongezea nafasi ya kushinda hadi asilimia 40. Kutupa kwao kunakupa 1,500, kufuata kwao kunakugharimu 1,960, na sasa unapoteza chipu 460 kila unaposukuma. Karata zako ni zilezile, kiti ni kilekile, chipu ni zilezile. Kilichogeuza faida kuwa hasara ni watu wawili waliokaa kushoto kwako.

Ukingoni mwa zawadi jambo hili hukolea, na ndipo mchezaji mkali hujikusanyia chipu nyingi kuliko mahali pengine popote. Tuseme mmebaki wanne wenye chipu sawasawa, na zawadi ni tatu: 50, 30 na 20 kwa kila mia ya fedha yote. Thamani ya nafasi yako sasa ni 25. Mtu akisukuma zote nawe ukamfuata ukashinda, una nusu ya chipu zote na wapinzani wawili wenye robo robo. Ukikokotoa uwezekano wako wa kuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, thamani yako inakuwa takribani 38. Chipu zimeongezeka mara mbili, lakini fedha imeongezeka kwa kiasi cha nusu tu. Ukishindwa, unapoteza 25 zote. Ili kufuata kuwe na maana, unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 65 ya nyakati. Jozi ya sita dhidi ya mtu anayesukuma bila hata kutazama karata zake hushinda takribani asilimia 63. Kwa hiyo, hata dhidi ya mtu huyo, jozi ya sita ni ya kutupa!

Fikiria maana yake kwa anayesukuma kwanza. Mwenzake anayeijua hesabu hiyo analazimika kutupa karata nzuri, na asiyeijua aghalabu hutupa kwa hofu ya kurudi nyumbani mikono mitupu baada ya saa sita za kucheza. Lakini si wote wanaoogopa kwa kiasi kimoja. Anayeogopa kuliko wote ni mwenye chipu za kati, anayemwona mwingine mwenye chache zaidi karibu kutoka, na ambaye wewe unaweza kumtoa kwa mkono mmoja. Huyo mpandishie karibu kila anapokuwa katika dau kubwa la lazima. Mwenye chipu zilizobaki kwa madau makubwa mawili au matatu mwache, isipokuwa una karata za kushindana naye, kwa kuwa hana tena cha kulinda na atakulipia na chochote. Mwenye chipu nyingi kuliko zako mwangalie sana, maana silaha hiyohiyo unayowaelekezea wengine anaweza kukuelekezea wewe.

Mfano wa dau la kutisha lililoelekezwa kwa mtu sahihi kwa wakati sahihi ulionekana mwaka 2003 huko Las Vegas, katika mashindano makuu ya World Series of Poker yaliyofanyika Binion's Horseshoe. Walioingia walikuwa 839, kila kiti kikiwa na thamani ya dola 10,000. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alikipata kiti chake kupitia shindano dogo la mtandaoni la dola 86, na mwishoni akabaki ana kwa ana na Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa Lebanon. Katika mkono mmoja Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa; Farha alikuwa na malkia na tisa. Mezani zilishuka tisa, mbili na sita, na Farha akawa na jozi ya juu. Karata ya nne ilikuwa nane ya shupaza, ikaacha shupaza tatu mezani na mlango wa mfuatano (shupaza tano, au karata tano zinazofuatana, huishinda jozi). Farha aliweka dau, Moneymaker akalipandisha, akafuatwa. Karata ya tano ilikuwa tatu ya kopa: Moneymaker hakupata shupaza ya tano, hakupata mfuatano, hakuwa hata na jozi. Farha alipopisha bila kuweka dau, Moneymaker alisukuma zote. Farha alifikiri kwa muda mrefu, kisha akatupa karata zilizokuwa bora. Moneymaker aliendelea hadi kuwa bingwa na kuchukua dola milioni 2.5.

Tazama kilichofanya dau lile liaminike. Kupandisha kwake katika karata ya nne kulisimulia habari ya shupaza tano au mfuatano, na kusukuma kwake katika karata ya tano kuliendeleza habari ileile bila kujipinga. Tena alimwelekezea mchezaji hodari anayejua kusikiliza habari kama hiyo na mwenye uwezo wa kutupa jozi ya juu. Lau angemfanyia hivyo yule bwana wako wa jozi ya tano, angelipiwa kabla hajamaliza kuzisogeza chipu mbele.

Kuna nyakati za kufunga breki pia, na nitazitaja kwa kifupi. Wenzako wakianza kukurudishia madau, wamekwisha kukusoma. Kaa mzunguko mmoja au miwili, kisha warejee ukiwa na karata halisi. Ukishapoteza mkono mkubwa na moyo unakwenda mbio, tupa mikono michache inayofuata, kwani hasira hufanana na ukali kwa sura tu. Na kiingilio kiwe fedha ambayo hutaihitaji kesho, kwa sababu mchezaji mkali hutoka bila kitu mara nyingi hata akicheza sawasawa. Katika mashindano makuu ya mwaka 2023 waliingia watu 10,043 na waliolipwa ni 1,507; wengine wote, wakiwemo mabingwa, walikwenda zao bila senti. Anayecheza na kodi ya nyumba hawezi kusukuma chipu zake anapopaswa kusukuma, na mezani hilo huonekana.

Kuhusu kuonyesha karata baada ya kumtisha mtu: usionyeshe. Najua raha yake, lakini unamlipa mwenzako habari aliyokuwa tayari kuikosa, tena mbele ya meza nzima, na kuanzia hapo wale wawili wa kushoto kwako waliokuwa wakitupa asilimia 65 wataanza kutupa 50, nawe umeshaona katika hesabu ya hapo juu faida yako inavyoyeyuka wanapoacha kutupa. Watazamaji wa televisheni waliijua siri ya Moneymaker kwa sababu kamera zilikuwa zikionyesha karata za wachezaji. Mezani kwenu hakuna kamera hizo. Mrudishie mgawaji karata zako zikiwa zimefunikwa, panga chipu ulizozipata, na kabla ya kufunua karata mbili zinazofuata tazama kwanza mikono ya hao wawili wa kushoto.